Maswali ya Wasomaji: Pikipiki za Kizamani Zinazoundwa Hadi Leo

Baada ya makala yetu fupi kuhusu pikipiki zenye injini ya mwendo mrefu (yaani pistoni inasafiri mbali kuliko kipenyo cha silinda), barua nyingi zilizokuja zinahusu Royal Enfield Bullet, na moja inahusu Ural yenye kigari cha pembeni. Tumechagua zile zenye matatizo yanayojirudia kwa wengi.

Kila nikiiona Bullet najiuliza: mtu ananunuaje mashine ya enzi za babu yake, wakati kwa fedha hizo hizo anapata pikipiki nyepesi, yenye kasi na isiyo na usumbufu? Nielezeni mvuto wake uko wapi. (Nisiyeelewa)

Sehemu kubwa ya mvuto huo iko ndani ya silinda, na unaweza kuupima kwa rula. Silinda ya Bullet 350 ya injini ya chuma (ile ya zamani, yenye silinda ya chuma cha kusubu) ina kipenyo cha milimita 70, lakini pistoni yake inasafiri milimita 90 kutoka chini hadi juu. Pikipiki nyingi za leo zimeundwa kinyume: kipenyo kikubwa, safari fupi, mizunguko mingi. Bullet inapiga taratibu, na flaiwili zake nzito (magurudumu ya ndani ya injini) zinaibeba pistoni kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine. Ikiwa imesimama na kunguruma, unaweza kuihesabu milipuko yake mmoja mmoja kama mtu anayetwanga kinuni. Mgandamizo wake ni 6.5 kwa 1 tu, kwa hiyo haichagui petroli. Nguvu za farasi ni 18. Hizo ni chache, lakini zinapatikana chini kabisa, na mlima ambao wenzake wanaupanda kwa kubadili gia mbili, yeye anaupanda kwa gia ya juu bila kuhangaika.

Historia yake nayo ina uzito. Royal Enfield ni ya Redditch, Uingereza, na jina Bullet lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jeshi la India lilipoihitaji baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Enfield India ikaanzishwa mwaka 1955 huko Madras, ambayo leo ni Chennai. Mwanzoni waliunganisha vipuri vilivyotoka Uingereza, kisha wakachukua mitambo ya kuvitengenezea wenyewe. Kampuni ya Uingereza ilikufa mwaka 1970. Ya India ikaendelea: mtoto akamzika mzazi, akabaki na zana zake. Injini ile ile ya silinda ya chuma cha kusubu ikatengenezwa kwa zaidi ya miaka 50, na ndiyo sababu mtu mwenye Bullet ya miaka ya 1960 bado anapata ringi, klachi na gasketi.

Kisha kuna mkono wa binadamu. Hata kwenye baadhi ya Bullet mpya zinazotoka leo, mistari ya dhahabu kwenye tanki inachorwa na mchoraji kwa brashi, bila mashine. Huko Mandello del Lario, Italia, Moto Guzzi wanaunda pikipiki pale pale walipoanzia mwaka 1921. Watu wanapenda kujua kwamba kitu chao kimepitia mikononi mwa mtu.

Tukubaliane hata hivyo: ukitafuta kasi, hapa haipo. Bullet 350 ya chuma inaridhika kwenye kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Ukiishikilia zaidi ya hapo kutwa nzima, unaila.

Shikamooni mafundi. Nina Bullet 350 ya injini ya chuma. Kiki inarudi nyuma kwa nguvu na imeniumiza kifundo cha mguu. Nina kilo 58. Labda sina uzito wa kutosha? (Mguu Mbaya)

Marahaba. Uzito wako unatosha kabisa. Kiki ya Bullet haishindwi kwa nguvu, inashindwa kwa kujua pistoni iko wapi. Kinachokupiga ni plagi kuwasha mafuta pistoni ikiwa bado inapanda, nao mguu wako hauna kasi ya kuivusha kilele. Mlipuko unairudisha chini, na kiki inarudi pamoja nayo.

Injini ikiwa baridi, fungua petroli, vuta choki, usizungushe mkono wa mafuta. Washa swichi, kisha tazama amita, ile saa ndogo juu ya nyumba ya taa. Pointi (vile vipande viwili vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) zikiwa zimegusana, sindano itaegemea upande wa kutoa umeme. Kandamiza kiki polepole kwa mguu mpaka sindano irudi katikati. Hapo pointi zimeachana, na mguu wako unahisi umefika ukutani: huo ndio mgandamizo. Usilazimishe. Vuta kikono kidogo cha dekompresa (valvu ndogo inayoachia mgandamizo), sukuma kiki kiasi cha upana wa vidole viwili tu ili pistoni ivuke kilele, kisha achia dekompresa. Acha kiki ipande yenyewe hadi juu kabisa. Sasa ikanyage kwa mkupuo mmoja, mguu ukiisindikiza mpaka chini. Kosa la wengi ni kupiga nusu na kuuondoa mguu njiani.

Betri ikiwa imekufa sindano haitasogea, na mgandamizo utausikia kwa mguu pekee. Vaa kiatu chenye kisigino. Kandambili na Bullet haziendi pamoja.

Ukifuata yote hayo na bado inakupiga, tatizo liko kwenye taimingi. Pointi zinatakiwa zianze kuachana pistoni ikiwa imebakiza milimita 0.8 kufika kilele. Fungua pia uangalie vile vipande viwili vya uzani chini ya bamba la pointi, vinavyofunguka injini ikikimbia ili kuwahisha cheche. Vikishika kutu vikabaki wazi, au springi zake zikilegea, cheche inawahi hata wakati wa kupiga kiki. Vitoe, visafishe, vipe tone moja la oili. Mara nyingi kifundo cha mguu kinaponea hapo.

Bullet yangu ya chuma ikikaa wiki tatu bila kuwashwa, kijiti kinaonyesha oili imepungua. Naongeza. Nikiiwasha inafuka moshi wa bluu na kumwaga oili kwenye bomba la kupumulia. Fundi anataka kubadili ringi. Nimruhusu? (Oili Yaniishia)

Mzuie kwanza. Dalili ulizoeleza hazionyeshi ringi mbovu. Zinaonyesha oili iliyohama, kisha ikaongezewa nyingine juu yake.

Katika pikipiki nyingi oili inakaa chini ya krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Bullet ya chuma ina tanki la oili lililosubuliwa ndani ya mwili wa injini wenyewe, na lenye chumba chake mbali na cha krankishafti. Pampu moja inapeleka oili kwenye injini, ya pili inaifyonza na kuirudisha tankini. Pikipiki ikilala muda mrefu, oili inapenya taratibu kwenye pampu na kujikusanya upande wa krankishafti. Kijiti kinapima tanki tu, kwa hiyo kinakuambia oili imepungua, kumbe ipo yote, imehamia chumba cha pili. Wewe unaongeza nusu lita. Injini ikiwaka, pampu ya kurudisha inaleta ile iliyohama, tanki linafurika, na ziada inatafuta mlango: bomba la kupumulia, gasketi, na kidogo inapanda kwenye silinda na kuungua. Moshi wako wa bluu ndio huo.

Dawa ya kwanza haina gharama. Usipime kamwe kabla ya kuwasha. Iwashe, iache ingurume dakika tano, zima, subiri dakika mbili, ndipo uchomoe kijiti. Injini nzima inachukua lita 2.25 hivi, ya 20W-50. Kwa hali yako ya sasa, mwaga yote kupitia nati zote za chini, ya tanki na ya chumba cha krankishafti, uanze upya kwa kipimo.

Kisha jaribu hivi: iendeshe ipate moto, izime, ilale usiku mmoja, asubuhi fungua nati ya chumba cha krankishafti na ukinge. Vijiko vichache ni kawaida. Ukipata zaidi ya robo lita kwa usiku mmoja, kwa kipimo chetu pampu inavuja na inafaa kutengenezwa. Ndani ya kila pampu kuna kisahani kinachosuguana na uso wa nyumba yake. Mchanga ukipita, kinakwaruzika. Kisuguliwe kwenye nyumba ile ile kwa dawa ya kusagia valvu, ile laini kabisa, kwa mzunguko mwepesi wa vidole mpaka nyuso zote mbili ziwe na rangi moja ya kijivu isiyong'aa. Baada ya hapo osha kwa mafuta ya taa, futa, osha tena. Dawa ikibaki hata chembe itakula beringi ya konirodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti. Unapofunga, paka oili kwenye visahani na jaza oili kwenye chumba cha chujio ili injini isianze ikiwa kavu. Ukishaiwasha, legeza kidogo bolti ya mrija unaopeleka oili juu kwenye kichwa cha silinda. Oili ikichuruzika, pampu inafanya kazi. Ikiwa kavu kwa nusu dakika, zima mara moja.

Angalia na ile ncha ya mpira kwenye bomba la kupumulia, yenye umbo la mdomo wa bata. Kazi yake ni kutoa hewa na kuzuia isirudi. Ikikauka na kubaki wazi, shinikizo linajaa ndani na oili inatokea kwenye kila gasketi. Wengi wamefungua injini nzima kwa sababu ya kipande hicho cha mpira.

Ringi zilizochoka zinajulikana kwa njia nyingine: kiki inakuwa laini hata mbele ya mgandamizo, na moshi hauishi injini ikishapata moto. Moshi ukitoka pale tu unapoachia mafuta kisha ukayafungua tena, shuku vibomba vinavyoongoza mashina ya valvu.

Nikipanda Bullet ya jirani nakosea gia kila mara, naishia kukanyaga breki. Kwa nini? (Mzoefu wa Pikipiki Mpya)

Kwa sababu Bullet za zamani zina gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Namba moja ni kunyanyua juu, tatu zilizobaki ni kukanyaga chini. Pembeni ya giaboksi kuna kikanyagio kidogo cha ziada: ukivuta klachi na kukikandamiza, kinakupeleka nyutro moja kwa moja kutoka gia ya pili, ya tatu au ya nne. Kutoka namba moja hakifanyi kazi. Zoea kwanza uwanjani, kwa sababu siku ya dharura mguu unafuata mazoea.

Injini yangu inagonga tik-tik-tik upande wa juu. Nimesoma nafasi ya valvu hupimwa kwa vibati, lakini sioni pa kuviingiza. (Mwenye Sikio)

Huvihitaji. Kwenye injini ya chuma kipimo ni vidole vyako. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku. Peleka pistoni kileleni kwenye mgandamizo, ili valvu zote mbili ziwe zimefungwa. Fungua kifuniko kidogo chini ya silinda upande wa kulia, utaziona fimbo mbili zinazosukuma valvu, na chini ya kila moja nati ya kurekebishia pamoja na nati ya kufungia. Shika fimbo kwa kidole gumba na cha shahada uizungushe. Inatakiwa izunguke bila kukwama, lakini ukiinyanyua isiwe na mchezo wa juu na chini. Fimbo ya valvu ya kutolea moshi tunapendelea iwe na mchezo mdogo kabisa, ule unaouhisi bila kuuona. Baada ya kukaza nati ya kufungia, jaribu tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaweza kuharibu kipimo. Rudia mpaka kidole kiridhike.

Usikimbilie kuikaza ili inyamaze. Valvu ya moshi isipofunga vizuri inaungua kingo zake. Bullet yenye afya inatoa mlio kidogo.

Ukishapima na mlio uko pale pale, angalia waya wa dekompresa. Ukivutika mno, ile valvu ndogo kwenye kichwa cha silinda haikai sawasawa. Utasikia kitu kama kikohozi kifupi, na utaona masizi pembeni yake. Upe waya ulegevu wa milimita mbili tatu.

Pointi zangu zinaungua kila baada ya miezi miwili. Ninunue mfumo wa kielektroniki? (Cheche)

Unaweza, lakini kwanza ujue kinachoziunguza. Cheche kubwa ya bluu na nyeupe ikirukaruka kati ya pointi injini ikinguruma, kondensa (kifaa kidogo kinachozuia cheche hiyo) imechoka. Ni kipande cha bei ndogo, kibadilishe kabla ya kingine chochote. Zikiwa na utando mweusi wa mafuta, umepaka grisi nyingi kwenye kemu yake, ile nundu inayozunguka na kuziachanisha. Inayotakiwa ni chembe ya ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40 mahali kemu ilipoinuka zaidi. Kisigino cha pointi kikilika, nafasi inapungua, pointi zinachelewa kuachana, cheche inachelewa, na injini inapata moto kupita kiasi bila sababu inayoonekana. Kagua kila kilomita 1,500 na utaepuka mengi.

Mfumo wa kielektroniki ni mzuri, ila ukifa njiani huna la kufanya. Pointi unazisafisha kwa kipande cha msasa laini na unafika nyumbani.

Nimebadili pistoni. Fundi anasema nikimbie ninavyotaka. Kweli? (Pistoni Mpya)

Hapana. Pistoni ni ya alumini, silinda ni ya chuma, na alumini inatanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Pistoni mpya ikipata moto wa ghafla inavimba kabla silinda haijaipisha, na inakwama. Kilomita 500 za kwanza usizidi 50 kwa saa, na mlimani usiikabe kwenye gia ya juu. Zinazofuata 500, panda hadi 60. Kila baada ya nusu saa achia mafuta kwa muda mfupi ili oili ifyonzwe juu. Ukisikia nguvu zinapungua ghafla na mlio kubadilika, vuta klachi hapo hapo. Una sekunde moja au mbili.

Mistari ya dhahabu kwenye tanki langu imeanza kufifia pale goti linapogusa. Nitumie polishi gani? (Mpenda Mng'ao)

Kwanza pitisha ukucha polepole kuukatiza mstari. Ukihisi ukingo mdogo, rangi ya mstari iko juu ya vanishi na haina kinga. Polishi yoyote yenye chembe za kusugua itaumaliza kwa miezi michache. Tumia nta tupu na kitambaa laini, ukifuata urefu wa mstari bila kuukatiza. Petroli ikimwagika wakati wa kujaza, imwagie maji mengi papo hapo. Kuifuta kwa kitambaa kikavu ndiko kunakoichukua rangi.

Uchunguze mstari wenyewe kwenye mwanga wa pembeni. Pale mchoraji alipoanzia, brashi imeacha unene wa unywele, ukajaa katikati, ukapungua tena kwenye kona ambapo mkono uligeuka. Kulia na kushoto havilingani sawasawa. Ukimpelekea mtu akurudishie kwa stika, mistari italingana, na tanki lako litafanana na mengine elfu. Tafuta mchora mabango mwenye mkono uliotulia, mwenye brashi ya manyoya marefu na rangi ya enameli, ajaze pale palipofifia tu.

Ninunue ya injini ya chuma iliyotumika au Bullet mpya? (Njia Panda)

Bullet ya sasa, iliyotoka mwaka 2023, ina injini ya sentimita za ujazo 349, gia tano, shafti ya kupunguza mtetemo, sindano ya mafuta badala ya kabureta, na nguvu za farasi 20 hivi. Inawaka kwa kitufe. Uzito ni kilo 195. Ina sura, mlio wa taratibu na mistari ya mkono, na haikudai Jumamosi zako. Kwa mtu wa kwenda kazini kila siku, ndiyo.

Ya chuma ni ya mtu anayefurahia kushika spana. Ukiikagua, sukuma kiki kwa mkono uhisi mgandamizo, tazama kama gurudumu la nyuma limenyooka na la mbele, na usikilize chini ya injini ikiwa imepata moto. Mlio mzito wa duu-duu unaofuata mafuta ni beringi ya konirodi, na hiyo inamaanisha kupasua injini nzima. Oili inayodondoka kidogo isikutishe. Isiyodondoka kabisa, hakikisha imo.

Nimepata Ural yenye kigari na gurudumu lake linazungushwa na injini. Nikiliunganisha kwenye lami, inanishinda kukata kona. Imeharibika? (Magurudumu Matatu)

Haijaharibika. Ural, iliyotokana na M-72 ya Kisovieti ambayo nayo ilinakili BMW R71, haina difrenshali kati ya gurudumu la nyuma na la kigari. Ukiyaunganisha, yote mawili yanalazimika kuzunguka sawa, ilhali kwenye kona moja linatakiwa lisafiri mbali zaidi. Matopeni na mchangani yanateleza na tatizo halionekani. Kwenye lami hayatelezi, kwa hiyo pikipiki inakataa kupinda, na gia zinaumia. Liunganishe unapokwama tu, au muda mfupi kabla ya kuingia penye utelezi, kisha litoe.

Jihadhari zaidi na kona za kuelekea upande wa kigari: kikiwa kitupu kinanyanyuka. Wakati unajifunza, weka humo mfuko wa mchanga wa kilo 40 au 50, uufunge usiteleze, na upunguze mwendo kabla ya kona. Ukifunga breki katikati yake, pikipiki inavutika upande usiouelekea.